Mtambo wa Mkono wa Kulia

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, Jumatatu tarehe kumi na mbili Januari, dirisha la ofisi ya meneja katika kiwanda cha makabati cha Hollenback lilikuwa na tundu moja la mviringo, upana wa kidole gumba. Ndani ya dirisha, kwenye ukingo, kulikuwa na theluji. Zulia chini yake lilikuwa limelowa.

Mpelelezi Noreen Troutman alifika saa moja na dakika ishirini na tano. Aliitazama theluji kabla ya kulitazama tundu. Theluji ilianza kuanguka Jumapili saa kumi alfajiri na kukoma adhuhuri. Upepo ulivuma ilipoanza tu, ukatulia; baada ya adhuhuri haikuanguka tena. Theluji iliyopeperushwa ndani ilikuwa imepitia kwenye tundu, basi tundu lilikuwepo kabla yake. Kiwanda kilifungwa Jumamosi saa sita mchana. Aliandika kwenye daftari: *Kati ya Jumamosi saa sita mchana na Jumapili saa kumi alfajiri.*

Sajini Vernon Lebo, mwenye miaka thelathini na mitatu ya upolisi, alikuwa amepiga magoti juu ya kiti cha meneja akichokonoa ukuta wa mbao kwa kisu. Risasi ilikuwa imeingia shubiri moja juu ya mahali ambapo kichwa cha meneja hukaa.

"Imetoka," alisema. Aliidondosha kwenye kiganja chenye glavu. "Angalia hii, afande. Goroli."

Ilikuwa risasi ya mviringo, imebonyea upande mmoja. Upande mwingine ulikuwa na alama ndogondogo zilizokatizana, kama chapa ya chekeche.

"Nyuzi za kitambaa," alisema Troutman. "Ilifungwa kwenye kitambaa chenye mafuta, ikashindiliwa."

"Gobori. Nusu inchi." Lebo alishuka kitini. "Siku sita kabla msimu wa kuwindia magobori ya gumegume haujafungwa. Nusu ya wilaya ina moja nyuma ya pikapu, na nusu nyingine inawaonea wivu."

Meneja, Curtis Enterline, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha kahawa ambacho hakuwa akikinywa. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na minne, aliyehamia kutoka Ohio miaka miwili iliyopita. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi.

"Sihitaji nusu ya wilaya," alisema. "Nahitaji mtu mmoja. Lamar Wert, wa mapokezi ya mizigo."

"Ulimwona?"

"Sikumwona. Lakini mwezi wa Novemba nilitoa waraka: hakuna mtu kuletewa vipuri vya bunduki hapa kazini. Alinijibu mbele ya watu wote."

"Alisema nini?"

"Kwamba waraka wangu haujawahi kubeba boksi hata moja." Enterline alitoa kadi ya kazi, akaandika namba nyuma yake kwa kalamu. "Hii ni simu yangu binafsi. Makao makuu wanataka jibu leo. Na mwendesha mashtaka ameshaniahidi atamfikisha mbele ya hakimu saa nane mchana."

"Kwa kosa gani?"

"Kuhatarisha maisha. Maisha yangu, mama. Kile ndicho kiti changu."

Troutman aliichukua kadi, akaiweka kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vitu vingine vya asubuhi ile. Ilikuwa desturi yake: kila alichopewa siku ya kwanza kilihifadhiwa, hata kama ni kalamu.

*

Jukwaa la mizigo lilikuwa nyuma ya jengo, chini ya paa la bati, wazi upande mmoja. Ukisimama ukiangalia nje, mbele yako kuna uwanja wa malori ulio ndani ya uzio wenye geti la kufuli, na mwisho wa uwanja kuna tuta la udongo. Kushoto kuna meza ndefu ya kufungulia mizigo, na nyuma ya meza, ng'ambo ya uwazi mwembamba, bawa la jengo linachomoza. Dirisha la meneja liko kwenye bawa hilo.

Lamar Wert alikuwa amekaa kwenye meza akila sendwichi ya soseji na haradali. Alikuwa ameambiwa asifanye kazi, lakini hakuna aliyemwambia aende wapi. Alikuwa na miaka sitini na mmoja.

"Wewe ni binti wa Clyde Troutman," alisema kabla hajasalimiwa. "Kidevu ni kilekile."

"Kidevu nimeachiwa. Shamba alipewa kaka yangu. Nina maswali, mzee."

"Uliza, mwanangu. Kahawa ipo. Ni mbaya, ila ni ya moto."

"Jumamosi mchana ulikuwa wapi?"

"Mlimani, nikimtafuta kulungu. Kulungu hakunitafuta."

"Na nani?"

"Peke yangu. Nikienda na watu wanaongea."

Troutman alifungua daftari la mapokezi. Tangu mwanzo wa Oktoba, kampuni moja ya vipuri vya magobori huko Missouri ilikuwa imeleta maboksi kumi na moja. Yote yalikuwa na jina la L. Wert, na yote yalikuwa na sahihi yake.

"Kumi na moja ni mengi," alisema Troutman.

"Gobori haliji zima kama kuku wa dukani. Leo mtutu, wiki ijayo mtambo wa kufyatulia, baadaye gogo la mti mgumu la kuchonga kitako. Mtu anaunda moja mwaka mzima, jioni baada ya jioni. Na nyumbani kwangu boksi likiachwa kibarazani linakaa dakika ishirini, halafu linakuwa la mtu mwingine. Hapa linakaa salama."

"Umeunda mangapi mwaka uliopita?"

"Moja na nusu."

"Na maboksi yote kumi na moja ni yako?"

Wert alifuta haradali kidoleni. "Yana jina langu."

"Sikuuliza jina."

"Najua ulichouliza."

Lebo, aliyekuwa ameegemea mlango, aliingilia. "Lamar, usiwe kichwa ngumu. Nusu ya wanaume hapa wanakuletea maboksi yao ili wake zao wasiyaone. Hata shemeji yangu. Sema tu yapi si yako."

"Mke wa shemeji yako ni dada yako, Vernon. Unataka nikwambie wewe?"

Lebo alikohoa.

"Kuna sheria moja hapa jukwaani," alisema Wert. "Nimeikuta, sikuitunga. Boksi la mtu ni la mtu. Hulitingishi, hulifungui, hulisemi kwa mkewe wala kwa bosi wake. Watu wamenipa maboksi yao miaka thelathini na moja kwa sababu hiyo tu."

"Umebakiza muda gani hadi pensheni?"

"Miezi kumi na minne."

"Ukifikishwa mbele ya hakimu leo, kampuni itakufukuza kesho. Iko kwenye mkataba wako, ukurasa wa sita. Pensheni inaondoka na kazi."

"Nimeusoma."

"Nipe jina moja tu la kuanzia."

"Hapana, mwanangu."

Troutman alimpa fomu ya ruhusa ya kuchukua magobori yake nyumbani. Wert aliitia sahihi bila kuisoma mara mbili. Troutman aliutazama mkono ulioshika kalamu: ulikuwa wa kushoto.

*

Saa tatu na nusu Lebo alirudi na magobori mawili yaliyofungwa katika blanketi. Moja lilikuwa na mtutu mwembamba. La pili lilikuwa la nusu inchi. Goroli mpya ilipowekwa mdomoni mwake ikiwa na kitambaa, ilikaa sawasawa.

"Haya," alisema Lebo kwa sauti ya chini. "Sipendi hili."

"Hupendi nini?"

"Kwamba inaingia."

"Inaingia kwenye magobori mangapi ya wilaya hii?"

"Mia tatu. Lakini mia tatu hayakugombana na Enterline."

Troutman aliyageuza magobori yote mawili. Mtambo wa gumegume hukaa ubavuni mwa bunduki: kuna taya linaloshika jiwe, na chini yake kisahani kidogo cha baruti laini. Jiwe likigonga chuma, cheche huangukia kisahani, na moto hupita kwenye kitundu hadi kwenye baruti kubwa iliyo ndani ya mtutu. Kisahani kinapowaka, hutema moto pembeni. Kwa sababu hiyo mtu wa mkono wa kushoto huagiza mtambo uliogeuzwa, ili moto utoke mbali na uso wake. Mitambo yote miwili ya Wert ilikuwa ubavu wa kushoto. Hakuna hata mmoja uliokuwa na alama ya kubadilishwa.

Aliliandika hilo, kisha akarudi jukwaani na utepe wa kupimia, tochi na kibunda cha uzi.

Alianza na uzi. Lebo alishika ncha moja kwenye shimo la ukuta wa ofisi. Troutman aliupitisha kwenye tundu la kioo na kuuvuta moja kwa moja kuelekea jukwaani. Shimo la ukutani lilikuwa juu kuliko tundu la kioo, basi uzi ulishuka kadiri ulivyokwenda mbali. Ulipita juu ya meza ya kufungulia mizigo na kufika katikati ya jukwaa ukiwa futi tatu tu kutoka sakafuni.

"Futi tatu," alisema Lebo kupitia dirishani. "Ni kiunoni. Nani analenga shabaha kutoka kiunoni?"

"Hakuna."

Ndipo alipozichunguza nguzo za paa, zilizopakwa rangi nyeupe. Ya tatu ilikuwa na doa. Lilikuwa la kijivu iliyokoza, pana kama mkono, na kingo zake zilikuwa zimetawanyika kama manyoya. Katikati rangi ilikuwa imevimba kwa joto. Alilisugua kidogo kwa pamba. Pamba ilinuka baruti. Alipima: futi nne na inchi kumi kutoka sakafuni. Kutoka nguzo hadi mahali uzi ulipopita, futi nne.

Alisimama karibu na nguzo akiangalia uwanja. Doa lilikuwa upande wa kushoto wa nguzo. Aliinua mikono kama anayeshika bunduki, ubavu wa bunduki ukigusa nguzo. Bunduki ilikuwa kushoto kwa nguzo, na moto ulikwenda kulia.

"Vernon, njoo na gobori la Lamar. Lisimamishe hapa."

Lebo alilisimamisha. Kisahani kilielekea kushoto, upande wa meza. Nguzo ilikuwa upande wa pili wa bunduki.

"Lisingeweza," alisema Lebo.

"Hata kidogo. Huu ni mtambo wa kulia." Alinyoosha kidole mbele. "Na alikuwa analenga kule, si ofisini."

Walivuka uwanja. Theluji ilikuwa ya inchi nne na haikuwa na nyayo. Kwenye tuta, hatua arobaini kutoka jukwaani, kipande cha katoni ya makabati kilikuwa kimechomekwa udongoni. Lebo alikipangusa. Kilikuwa na duara la kalamu nyeusi, na ndani ya duara duara dogo zaidi. Hakikuwa na tundu hata moja.

"Alikuja kujaribu bunduki mpya," alisema Troutman. "Mchana, kwa sababu shabaha kama hii haionekani gizani. Aliegemea nguzo, akalenga tuta, akafyatua. Kisahani kikawaka."

"Na mtutu haukulia." Lebo alivua kofia, akakuna kichwa. "Moto ulilala."

"Endelea."

"Kitundu kikiwa kichafu au chenye unyevu, cheche hukaa humo. Sekunde moja. Tatu. Mara moja nilihesabu tano. Ndiyo maana kila mtoto hapa hufundishwa: kikiwaka na isilie, usisogee. Mdomo ubaki kwenye shabaha na uhesabu hadi sitini. Babu yangu alinipiga kofi nilipofika arobaini tu."

"Huyu hakuhesabu. Aliishusha kiunoni, akageuka kushoto kwenda mezani kutazama kuna kasoro gani. Hatua moja na nusu, futi nne. Hapo ikalia."

"Basi hakuna aliyemlenga Enterline."

"Hakuna aliyemlenga mtu yeyote. Ni mtu wa mkono wa kulia, mwenye ufunguo wa jukwaa, mwenye mtambo mpya, ambaye hakukulia hapa."

Lebo alivaa kofia yake. Walirudi kwa kukanyaga nyayo zao wenyewe.

*

Saa nne na dakika hamsini Troutman alipiga simu Missouri. Aliyepokea ni mwanamke mzee aliyejitambulisha kwa jina la Ottilie.

"Mama, mimi ni mpelelezi wa polisi, Pennsylvania."

"Kwenye simu kila mtu ni mpelelezi, mpenzi. Niandikie barua yenye nembo ya ofisi, uitume kwa faksi."

"Bado mnatumia faksi?"

"Tunauza bunduki za miaka mia mbili na hamsini iliyopita. Ulitaka tuwe na nini?"

Barua ilitumwa saa tano na dakika tano. Jibu lilirudi saa tano na dakika hamsini, kurasa mbili, likiwa na maandishi ya kalamu pembeni. Kati ya maboksi kumi na moja, matatu yalikuwa na mitambo. Miwili ilikuwa ya kushoto. Mmoja ulikuwa wa kulia, na ulifika jukwaani tarehe tatu Desemba, wiki tatu baada ya waraka wa Enterline. Yote yaliagizwa kwa jina la L. Wert. Lakini kila agizo lilikuwa na namba ya simu ambayo hutumiwa ujumbe mzigo unapofika, kwa kuwa mtu anayengoja boksi hutaka kujua limefika. Mitambo ya kushoto ilikuwa na namba ya Wert. Wa kulia ulikuwa na namba nyingine. Pembeni Ottilie alikuwa ameandika: *Huyu alipiga simu mara mbili kuuliza kama kuna maelekezo ya matumizi. Tulimtumia. Sijui kama alisoma.*

Troutman alitandaza mifuko ya plastiki ya asubuhi. Alichukua kadi ya Enterline, akaigeuza na kuiweka kando ya karatasi ya faksi. Alisoma tarakimu moja moja, kumi, mara mbili. Kisha akampa Lebo azisome.

"Mama yangu," alisema Lebo.

*

Enterline alikuwa amehamia chumba cha mikutano. Saa sita na dakika ishirini Troutman alikaa mbele yake, akaweka daftari mezani, akafungua kalamu.

"Bwana Enterline, unaandika kwa mkono upi?"

"Wa kulia. Kwa nini?"

"Jumamosi baada ya saa sita ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Kengele ya ulinzi ya jukwaa ina namba ya siri ya kila mtu mwenye ufunguo. Nimeomba orodha ya Jumamosi, itafika kabla ya saa saba. Nakuuliza tena kabla haijafika."

Enterline aliitazama saa ya ukutani.

"Nilisahau karatasi fulani," alisema. "Nilipita."

"Gobori liko wapi?"

"Gobori gani?"

"Lenye mtambo wa kulia, uliofika tarehe tatu Desemba kwa jina la Lamar Wert na kwa namba yako ya simu."

Alisogeza kikombe chake inchi moja kulia, halafu akakirudisha.

"Kwenye buti ya gari," alisema.

Lebo alisimama, akanyoosha mkono kuomba funguo. Alipewa.

"Miaka miwili," alisema Enterline. "Kila Januari wanaondoka mchana, kumi na tano, ishirini, wanapanda mlimani na vitu hivyo. Jumatatu wanakuja wanacheka. Hakuna aliyewahi kusema, 'Curtis, njoo.' Nikadhani nikiwa na langu... Mke wangu hataki bunduki ndani ya nyumba. Nami nilikuwa nimeshaandika ule waraka, makao makuu walitaka. Nikamwomba Lamar."

"Akasema nini?"

"'Lete.' Neno moja. Hakucheka hata."

"Na Jumamosi?"

"Ilitoa moshi na haikulia. Niligeuka ili niiangalie pale mezani kwenye mwanga." Alifunga macho kidogo. "Ni mimi niliyelivunja dirisha langu mwenyewe. Nilifagia vipande vya kioo vya nje, nikaenda nyumbani."

"Ungeweza kusema hivyo leo asubuhi. Ni ajali. Faini na aibu."

"Makao makuu wangenifukuza. Waraka una sahihi yangu."

"Kwa hiyo ukamtaja mtu aliyepokea boksi lako. Yeye peke yake ndiye aliyejua kuwa una gobori. Hukuogopa angesema?"

Enterline alijibu bila kuinua macho.

"Nilijua hatasema."

Troutman aliliandika neno kwa neno, akaligeuza daftari upande wake na kumwonyesha mahali pa sahihi.

*

Orodha ya kengele ilifika saa saba kasoro dakika tano: namba ya Enterline, Jumamosi, kuingia saa nane na dakika kumi na mbili mchana, kutoka saa tisa na dakika nne. Gobori la kwenye buti lilikuwa la nusu inchi, mtambo wa kulia. Kitundu chake kilikuwa kimezibwa na mafuta ya kiwandani ambayo mnunuzi anatakiwa kuyasafisha kabla ya kutumia. Mwendesha mashtaka aliarifiwa kwa simu saa saba na dakika kumi na nane. Shauri la Wert liliondolewa mbele ya hakimu saa saba na nusu.

Wert alikuwa amekaa kwenye benchi la kituo cha polisi, amevaa koti la kanisani kwa ajili ya hakimu. Troutman alimweleza kwa mpangilio: nguzo, uzi, faksi, namba ya simu, kengele.

"Amekiri?" aliuliza Wert.

"Amekiri."

"Mkewe anajua?"

"Bado sijui, mzee. Si kazi yangu kumwambia."

Wert aliitikia kwa kichwa. "Alitakiwa kuhesabu hadi sitini," alisema. "Nilimwambia siku ile anachukua boksi. Nilimwambia ahesabu kwa sauti. Akaniambia amesoma."

Troutman alimsogezea maelezo ya shahidi, kurasa mbili zilizopigwa chapa. Wert alivaa miwani, akasoma yote taratibu, kidole kikifuata mstari. Kwenye ukurasa wa pili kidole kilisimama.

"Hii hapa. 'Shahidi alitoa ushirikiano kamili kwa upelelezi.'"

"Ni sentensi ya fomu. Iko kwenye kila fomu."

"Sikushirikiana."

"Lamar, makao makuu wataomba nakala. Mstari huo utakufaa kazini."

"Na watu wangu wa jukwaani watauona?"

"Wakiomba. Ni waraka wa umma."

"Basi ufute."

"Ukifutwa, atakayesoma anaweza kudhani ulizuia upelelezi."

"Adhani anavyotaka. Mtu akileta boksi kesho nataka ajue ni kwa nani analileta." Alivua miwani. "Futa, mwanangu. Na uandike kilichotokea."

Troutman alichukua rula, akapiga mstari mmoja juu ya sentensi. Chini yake aliandika kwa mkono: *Shahidi aliulizwa mara mbili jina la mwenye boksi. Alikataa mara zote mbili. Jina lilipatikana kwa njia nyingine.* Lebo aliweka herufi za kwanza za majina yake pembeni kama shahidi wa marekebisho. Troutman aliweka zake.

Saa saba na dakika hamsini na moja Lamar Wert aliyasoma maneno mapya mara moja, akatia sahihi.